Mkataba wa ujenzi nchini Tanzania

Mkataba wa ujenzi ni makubaliano yenye nguvu ya kisheria ambamo upande mmoja (mkandarasi au fundi) unaahidi kujenga au kukarabati kitu fulani, na upande wa pili (mwenye mradi, ambaye nyaraka nyingi humwita mwajiri) unaahidi kulipa. Usimamizi wa mkataba ni shughuli zote zinazofanyika tangu mkataba kusainiwa hadi makabidhiano ya mwisho: kukabidhi eneo la kazi, kutoa maelekezo, kupima kazi, kulipa, kuongeza muda na kutunza kumbukumbu.

Mikataba hiyo hutofautiana sana kwa ukubwa. Katika Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, inapatikana ya kila namna. Barabara ya lami ya Mwigumbi–Maswa–Bariadi–Lamadi ilijengwa kwa vipande, kila kipande kwa mkataba wake. Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria mkoani humo unagharamiwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, Ujerumani kupitia benki ya KfW, na Serikali ya Tanzania. Upande mwingine kuna darasa moja linalojengwa na fundi wa kijijini, au nyumba ya mkulima anayejenga kidogokidogo kwa fedha za pamba. Kanuni za msingi za sheria ni zilezile kwa wote. Kinachotofautiana zaidi ni wingi wa maandishi, na huko ndiko wenye mikataba midogo hupotezea haki zao.

Msingi wa kisheria

Tanzania Bara hufuata Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyotungwa mwaka 1961 kwa kufuata kwa karibu Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. Zanzibar ina sheria yake. Kwa mujibu wa kifungu cha 10, makubaliano huwa mkataba yakitimiza masharti yafuatayo:

1. Wahusika wamekubaliana kwa hiari, bila kulazimishwa wala kudanganywa.
2. Wana uwezo wa kisheria wa kuingia mkataba, yaani wamefikia umri wa utu uzima (miaka 18) na wana akili timamu.
3. Kuna malipo halali, maana yake kila upande unatoa kitu au ahadi yenye thamani.
4. Lengo la makubaliano ni halali.

Sheria haisemi kwamba kila mkataba lazima uandikwe. Makubaliano ya mdomo kati ya mwenye nyumba na fundi yanaweza kuwa mkataba kamili. Tatizo lake ni uthibitisho, kwa sababu Sheria ya Ushahidi inamtaka anayedai jambo alithibitishe. Fundi anayesema alikubaliana kujenga ukuta kwa shilingi milioni 3, na mwenye nyumba anayesema zilikuwa milioni 2, wote wawili hawana cha kuonyesha isipokuwa mashahidi.

Mkataba ukishaandikwa, hali hugeuka. Kwa kawaida ushahidi wa maneno haupokelewi ili kupinga au kubadili masharti yaliyomo kwenye maandishi. Anayesaini hufungwa na alichosaini hata kama hakukisoma. Jambo hili ni zito kwa kuwa mikataba mingi ya ujenzi bado huandikwa kwa Kiingereza, ingawa tangu mwaka 2021 sheria inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Mkataba unaweza kuandikwa kwa Kiswahili na ukawa na nguvu ileile.

Hati ya mkataba inayotakiwa kulipiwa ushuru wa stempu isipolipiwa haipokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ushuru huo ulipwe.

Wahusika na taasisi

Mwenye mradi hutoa eneo na fedha. Mkandarasi hujenga. Katika miradi mikubwa kuna pia mhandisi mshauri au msimamizi wa mradi, ambaye hukagua kazi, hutoa maelekezo na kuidhinisha malipo. Msanifu majengo huchora, na mkadiriaji majenzi hupima kazi na kukokotoa gharama.

Taasisi zinazohusika na sekta hii ni pamoja na:

– Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB), iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1997. Makandarasi wa majengo na wa barabara hupangwa katika madaraja 7, na kila daraja lina kikomo cha thamani ya kazi moja, isipokuwa daraja la kwanza.
– Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi (AQRB).
– Baraza la Taifa la Ujenzi (NCC), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Pamoja na kazi nyingine, baraza hili hushughulikia usuluhishi wa migogoro ya ujenzi.
– Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma (PPRA), inayosimamia zabuni za serikali chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023. Zabuni hizo hutangazwa katika mfumo wa kielektroniki wa NeST.

Nyaraka za mkataba

Mkataba wa ujenzi kwa kawaida ni fungu la nyaraka. Zilizo muhimu ni fomu ya makubaliano yenye saini, barua ya kukubali zabuni, masharti ya mkataba, michoro, maelezo ya ubora wa kazi na vifaa, na mchanganuo wa kazi na bei, ambao mafundi wengi huuita BOQ. Masharti hutaja pia ni waraka gani unaotangulia iwapo nyaraka zitapingana, kwa mfano mchoro unapoonyesha madirisha sita na mchanganuo ukataja manne.

Miradi mikubwa, hasa ya wafadhili wa kimataifa, mara nyingi hutumia masharti ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri lililoanzishwa mwaka 1913. Masharti yake ya ujenzi, yaitwayo Kitabu Chekundu, yalitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1957. Miradi ya serikali hutumia nyaraka sanifu za PPRA, na NCC nayo ina mikataba yake sanifu.

Kwa kazi ndogo ukurasa mmoja au mbili zinatosha, zikitaja majina ya wahusika, kazi yenyewe, bei, hatua za malipo, tarehe ya kuanza na kumaliza, nani ananunua vifaa, na nini kifanyike kazi ikiongezeka au ikichelewa.

Aina za mikataba

Mkataba wa bei maalumu hutaja bei moja kwa kazi nzima. Mkandarasi akikadiria vibaya kiasi cha saruji, hasara ni yake. Katika mkataba wa vipimo, kila kazi ina bei ya kipimo kimoja, mfano mita moja ya ujazo ya zege, na malipo hufuata kiasi kilichopimwa baada ya kujengwa. Mkataba wa ufundi pekee, ambao mafundi huuita leba chaji, humlipa fundi kwa kazi ya mikono tu, huku mwenye mradi akinunua vifaa.

Usimamizi wa mkataba

Muda. Siku za mkataba huanza kuhesabiwa kwenye tarehe iliyotajwa, mara nyingi baada ya mkandarasi kukabidhiwa eneo la kazi. Mkandarasi akichelewa kwa kosa lake hulipa fidia ya ucheleweshaji kwa kila siku. Akicheleweshwa na mwenye mradi, au na jambo ambalo mkataba unalitambua, anastahili nyongeza ya muda, lakini ni lazima atoe taarifa. Chini ya masharti ya FIDIC taarifa ya madai hutolewa ndani ya siku 28 tangu mkandarasi alipojua, au alipopaswa kujua, tukio husika. Akipitisha muda huo anaweza kupoteza haki hata kama madai yake ni ya kweli.

Mabadiliko ya kazi. Mwenye mradi akitaka chumba kiongezwe, maelekezo yatolewe kwa maandishi pamoja na bei yake kabla ya kazi kuanza. Sheria inamlinda kwa kiasi mtu aliyefanya kazi halali bila nia ya kuitoa bure, endapo mwingine amefaidika nayo. Hata hivyo atalazimika kuthibitisha kiasi na thamani ya kazi hiyo.

Malipo. Mkandarasi huomba malipo, kazi hupimwa, na msimamizi hutoa hati ya malipo. Kabla ya kulipa hukatwa sehemu ya malipo ya awali na fedha inayozuiwa kama kinga dhidi ya kasoro. Kwa kawaida nusu ya fedha iliyozuiwa hurudishwa kazi inapokamilika na nusu nyingine baada ya kipindi cha matazamio, ambacho mara nyingi ni miezi 6 hadi 12. Katika kipindi hicho mkandarasi hurekebisha kasoro za kazi yake kwa gharama zake.

Mfano wa kubuni, bila kuhesabu kodi: mkataba ni wa shilingi 60,000,000, malipo ya awali ni asilimia 20 (12,000,000), na fedha inayozuiwa ni asilimia 10. Upimaji wa kwanza unaonyesha kazi ya 20,000,000. Hukatwa 4,000,000 kurejesha sehemu ya malipo ya awali na 2,000,000 za kuzuiwa. Mkandarasi hulipwa 14,000,000.

Tuseme fidia ya ucheleweshaji ni asilimia 0.1 ya bei ya mkataba kwa siku, yaani 60,000, na kazi imechelewa siku 30. Fidia ni 1,800,000. Lakini kama mkandarasi ana barua inayoonyesha kwamba alikabidhiwa eneo siku 12 baada ya tarehe iliyopangwa, na akaongezewa muda huo, siku za kosa ni 18 na fidia ni 1,080,000. Barua hiyo moja ina thamani ya 720,000.

Kumbukumbu. Daftari la kila siku la saiti huandikwa idadi ya mafundi, hali ya hewa, vifaa vilivyopokelewa na kazi iliyofanyika. Pamoja nalo hutunzwa muhtasari wa vikao, picha zenye tarehe, stakabadhi na barua.

Fosi akaunti

Madarasa na zahanati nyingi hujengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambapo taasisi ya umma husimamia ujenzi yenyewe kwa kutumia mafundi wa eneo husika. Katika mpango wa fedha za UVIKO-19 uliotangazwa mwaka 2021, ulioleta madarasa 15,000 nchini, kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20.

Shuleni huundwa kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi, na mkuu wa shule huwa msimamizi wa karibu ingawa si mtaalamu wa ujenzi. Wananchi huweza kuchangia mchanga, mawe, maji na nguvukazi. Fundi kwa kawaida hupewa mkataba wa ufundi pekee. Hatari yake kubwa ni vifaa kuchelewa: mafundi hukaa bure huku siku za mkataba zikihesabiwa. Kwa hiyo mkataba utaje ni nani anayeleta vifaa na lini, na kamati ya mapokezi iandike tarehe na kiasi cha kila kifaa kilichofika. Kumbukumbu hiyo humlinda fundi, na humlinda mkuu wa shule mkaguzi anapokuja.

Mazingira ya Bariadi

Mambo matatu ya eneo hili huathiri mikataba. La kwanza ni udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Msingi uliokadiriwa kwa udongo wa kawaida unaweza kuhitaji kuchimbwa zaidi, na mkataba usiposema nani anabeba gharama hiyo, mgogoro huanza kabla ukuta haujapanda. La pili ni mvua. Mvua ya kawaida ya msimu inatarajiwa, na mikataba mingi haiikubali kuwa sababu ya nyongeza ya muda, tofauti na mvua isiyo ya kawaida. La tatu ni fedha za watu binafsi, ambazo hufuata msimu wa ununuzi wa pamba, unaofunguliwa kwa kawaida mwezi Mei. Hatua za malipo zilizopangwa Februari, wakati pamba ingali shambani, huwa vigumu kutimizwa.

Uvunjaji wa mkataba na migogoro

Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinampa aliyeumizwa na uvunjaji wa mkataba haki ya kufidiwa hasara iliyotokana nao kwa kawaida, au ambayo pande zote zilijua ingetokea. Chini ya kifungu cha 74, pale mkataba unapotaja kiasi cha fidia, kinacholipwa ni fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho.

Migogoro huanza kushughulikiwa kwa mazungumzo, kisha kwa msimamizi wa mradi au mwamuzi aliyetajwa katika mkataba, na baadaye kwa usuluhishi chini ya Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020, au mahakamani. Muda wa kufungua shauri la mkataba ni miaka 6. Anayetaka kuishtaki serikali, zikiwamo halmashauri, hutakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Kwa fundi anayedai shilingi laki chache, njia hiyo ni ndefu na ghali kuliko deni lenyewe, ndiyo maana kumaliza hesabu kwa hati zilizosainiwa katika kila hatua kuna manufaa zaidi kwake.

Serikali nayo huweza kugharimika. Mwaka 2017 ndege aina ya Bombardier Q400 iliyonunuliwa na Serikali ya Tanzania ilizuiliwa nchini Kanada kutokana na madai ya kampuni ya Stirling Civil Engineering, ya takriban dola milioni 38 za Marekani, yaliyotokana na mkataba wa ujenzi wa barabara. Ndege hiyo iliwasili Tanzania Aprili 2018.