Kabati la Vitabu la Charlotte Perriand

Kati ya vyombo vyote vya nyumba, kabati la vitabu ndilo lililozoea kutotazamwa. Husukumizwa ukutani, hubebeshwa mzigo, na jicho la mgeni hulipita likaenda moja kwa moja kwenye vitabu. Charlotte Perriand, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1903, hakuyaridhia mazoea hayo, na makabati aliyoyabuni mjini Paris mwaka 1952 leo hutazamwa kama sanamu.

Hakuifikia kazi hiyo kwa njia fupi. Mwaka 1927 alipokwenda kuomba kazi kwa Le Corbusier, alijibiwa kwa kejeli kwamba mahali pale hapakuwa pa kutarizi mito. Mwaka haukwisha, bwana yule akaviona vyombo vyake katika maonyesho, akamwajiri. Mwaka 1940 serikali ya Japani ilimwalika awe mshauri wa sanaa za viwanda. Huko aliona katika majumba ya kale rafu zisizopangwa kwa mstari mmoja: hii huinuka, ile hushuka, na baina yao hubaki uwazi wenye thamani sawa na ubao wenyewe. Vita vilimzuia Mashariki, asirudi kwao hata mwaka 1946. Lakini uwazi ule alirudi nao.

Mwaka 1952 alitakiwa kutengeneza samani za vyumba vya wanafunzi katika Nyumba ya Tunisia na Nyumba ya Meksiko, dahalia mbili za Cité Universitaire. Tunisia yenyewe ilikuwa ingali chini ya himaya ya Ufaransa. Vyumba vilikuwa vidogo, navyo katika Nyumba ya Tunisia vilikuwa 40. Katika kila chumba kabati lilifanywa kuwa kitovu. Mbao ndefu za msonobari zilitandazwa kwa ulalo, na badala ya nguzo za kawaida zikashikwa na vipande vya bati vilivyokunjwa na kupakwa rangi, kila kimoja mahali pake, pasipo ulinganifu wa kulia na kushoto. Katika Nyumba ya Meksiko kabati halikuegemea ukuta hata kidogo. Lilisimama katikati ya chumba, likatenga kitanda na mahali pa kunawia. Likawa kabati na kiambaza kwa pamoja. Bati lilikunjwa katika karakana ya Jean Prouvé, mbao zikachongwa na seremala André Chetaille, na katika shauri la rangi alikuwamo mchoraji Sonia Delaunay.

Wingi huo wa mikono ulizaa mgogoro. Kwa muda mrefu wafanya biashara wa samani waliliuza kabati hilo kwa jina la Prouvé pamoja na la Perriand, pengine la Prouvé likitangulia, ingawa aliyebuni umbo lake ni mwanamke huyo. Hapa haki ilipindwa, kwa kuwa fundi anayekunja bati, hata awe hodari namna gani, si lazima awe ndiye aliyewaza mahali litakaposimama.

Duka la Steph Simon, lililofunguliwa Paris mwaka 1956, liliuza samani za namna hiyo hata mwaka 1974, lakini hazikuenea katika nyumba za watu wa kawaida kama Perriand alivyotamani. Baadaye vyumba vya dahalia vilitengenezwa upya, makabati yakatolewa, wachuuzi wakayaokota. Perriand alifariki mwaka 1999. Tangu hapo kabati moja la mwanafunzi limekwisha kuuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 100,000, na katika picha za mnada aghalabu rafu zake huonyeshwa tupu, bila kitabu hata kimoja.