Shieywe haikuhama, stempu ndizo zilizobadilika

Mtoto aliyezaliwa Shieywe, mjini Kakamega, mwaka 1895, kisha akajaliwa kuiona Kenya ikiwa Jamhuri mwaka 1964, alipitia tawala kadhaa bila kuuvuka Mto Isiukhu. Mwaka aliozaliwa, ofisa Mwingereza C. W. Hobley alifika kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, mahali palipokuwa kituo cha misafara ya kwenda Buganda, na sehemu zetu zikawa zinatawaliwa kutoka Uganda. Aprili 1, 1902 zilitolewa huko na kutiwa katika himaya ya Afrika Mashariki, iliyokuja kuitwa Kenya. Ushahidi wa safari hiyo yote umebandikwa kwenye bahasha za barua.

Stempu za kwanza za Uganda zilizaliwa Machi 1895 huko Mengo. Serikali ilizihitaji lakini haikuwa na mtambo wa kuzichapa, kwa hiyo ofisa George Wilson alimwendea mmisionari Ernest Millar, aliyekuwa na taipureta. Millar alizipiga moja moja: herufi U na G juu, tarakimu ya bei chini yake. Karatasi ilikuwa nyembamba, haina gundi wala matundu ya kuchania. Bei ilihesabiwa kwa makombe ya kauri, 200 kwa rupia moja. Waganda huziita kauri ensimbi, na mpaka leo hilo ndilo jina lao la pesa. Wakusanyaji duniani kote huzitafuta stempu hizi kwa udi na uvumba, na kwa sababu ni herufi za taipureta tu, walaghai wamezighushi sana. Usinunue bila cheti cha mtaalamu.

Baada ya hapo majina yalifuatana. Mwaka 1903 stempu zilitaja himaya za Afrika Mashariki na Uganda. Mwaka 1922, Kenya na Uganda. Mwaka 1935 Tanganyika ikaongezwa. Desemba 12, 1963 jina la Kenya lilisimama peke yake, na kwenye stempu ya senti 30 Jomo Kenyatta akaonekana akiuelekea Mlima Kenya.

Mwezi uliofuata, historia ilikwenda mbio zaidi upande wa pwani. Zanzibar ilikuwa imepata uhuru Desemba 10, 1963 na kutoa stempu zenye sura ya Sultani Jamshid. Januari 12, 1964 Mapinduzi yakamng'oa. Posta ilikuwa na shehena ya stempu za masultani na haikuwa na nyingine. Januari 17 zilianza kutumika zikiwa zimegongwa kwa mkono muhuri wa wino mweusi: JAMHURI 1964. Mkono hauendi kama mtambo, hivyo kuna zilizogongwa juu chini na kuna zilizogongwa mara mbili. Mwezi Februari zikaja zilizochapwa maneno hayohayo Uingereza, zimenyooka sawasawa. Mkusanyaji huzipenda za Januari, kwa maana wino ule uliopinda unaonyesha haraka ya watu waliokuwa wakijenga dola mpya kwa vifaa vilivyokuwapo mezani.

Nawaomba wasomaji wa Shieywe jambo moja. Wengi wetu tuna sanduku la babu lenye barua kuukuu, na mtoto akitaka stempu tunamwachia ailoweke ndani ya maji ili ibanduke. Tusifanye hivyo. Itunzeni bahasha nzima, pakavu, mbali na jua. Stempu humtaja mtawala, na watawala wa sehemu zetu niliowataja waliziamulia jina wakiwa London, Entebbe au Nairobi. Posta ya hapa ndiyo iliyogonga juu yake muhuri wa duara wenye tarehe na neno Kakamega. Makao ya wilaya yalihamia hapa kutoka Mumias mwaka 1920, na tangu hapo majina ya nchi kwenye stempu yamebadilika mara kwa mara, lakini jina ndani ya duara lile ni letu. Stempu ikibanduliwa, nusu ya duara huondoka nayo, na nusu ya jina letu pia.