Karafuu ingali mtini: nani anaijua bei ya kesho?

Ukipita Jadida, mjini Wete, wakati wa msimu, harufu ya karafuu hukufikia kabla hujayaona majamvi zilikoanikwa. Kila mwenye jamvi ana swali lake: bei itakuwaje? Swali hilo, msomaji, ni ndugu wa jambo linalovuma mitandaoni siku hizi: masoko ya kubashiri, ambako watu hununua na kuuza utabiri, kwa mfano "fahirisi ya hisa leo itafunga juu kuliko jana".

Yanafanyaje kazi? Tuseme tiketi inalipa shilingi 100 fahirisi ikipanda, na sifuri isipopanda. Ikiuzwa shilingi 60, ni kama soko linasema uwezekano wa kupanda ni asilimia 60. Anayejua zaidi ananunua, bei inasogea, na maarifa yaliyotawanyika kwa watu wengi yanakusanyika kwenye namba moja.

Sasa tulipime wazo hili kwa historia ya Pemba. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilinusurika, na tangu hapo ndiyo imekuwa ikitoa karafuu nyingi zaidi. Mwaka 1879 waya wa telegrafu ukapita chini ya bahari kuiunganisha Zanzibar na Aden, na kutoka huko na London na Bombay. Habari za bei zilizokuwa zikisafiri kwa meli zikaanza kufika upesi mno. Biashara ya karafuu ikazidi kuwa biashara ya kukisia.

Na nani alikuwa na makisio bora? Mkarafuu hauna mazoea: mwaka huu unazaa sana, mwaka ujao kidogo. Karafuu yenyewe ni tumba la ua linalochumwa kabla halijachanua. Kwa hiyo mkulima aliyesimama chini ya mti aliyaona mavuno mapema kuliko tajiri yeyote wa London. Kwa nadharia ile ya tiketi, yeye ndiye angefaidika.

Wapi! Mkulima alihitaji pesa za kula na za kuwalipa wachumaji kabla hajauza hata pishi moja. Alikopa kwa mfanyabiashara, akaweka mavuno au shamba rehani. Msimu ulipofika, aliuza ili alipe deni, bei iwe nzuri au mbaya. Alijua, lakini hakuweza kusubiri.

Bei zilipoanguka katika mdororo wa miaka ya 1930, madeni yalikuwa mazito kiasi kwamba mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria za kuzuia mashamba yasichukuliwe ovyo. Mwaka 1937 ikakipa Chama cha Wakulima wa Karafuu, kilichoanzishwa 1927, mamlaka juu ya ununuzi. Wafanyabiashara wa Kihindi waligoma, na India ikasusia karafuu za Zanzibar hadi yalipofikiwa makubaliano mwaka 1938. Baadaye, baada ya Mapinduzi, ununuzi ukawa mikononi mwa shirika la serikali, ZSTC. Bei ya kutangazwa ilipunguza wasiwasi, lakini kila ilipokuwa chini mno, karafuu zilivushwa kwa magendo kwenda Mombasa.

Turudi kwenye fahirisi ya kila siku. Mwaka 1900 Louis Bachelier, mwanafunzi wa hisabati mjini Paris, alionesha katika tasnifu yake kwamba bei za soko hutembea kama mtu anayeyumba bila mwelekeo. Sababu yake inaeleweka: kama kila mtu anajua hisa zitapanda kesho, watazinunua leo, na zitapanda leo hii. Kinachobaki kwa kesho ni karibu sawa na kurusha sarafu, na mwenye soko bado anakukata ada yake.

Basi ukishawishiwa kununua tiketi ya namna hiyo, jiulize mambo mawili. Je, kuna mtu yeyote anayeyaona matumba mtini? Na ukikosea, unaweza kusubiri msimu mwingine? Mkulima wa Pemba alikuwa na jibu zuri la swali la kwanza. La pili ndilo lililompokonya shamba.