Babu Yetu na Merikebu Khedive Ismail

Katika mwaka wa yubile twahesabu makanisa yaliyojengwa na watoto waliobatizwa, na ni haki. Lakini tusiwasahau wana wetu ambao hawana kaburi kihambani. Sisi wa Njoro tulisimuliwa habari zao na babu yetu, aliyekuwa pamoja nao.

Babu alikuwa askari wa mizinga katika Rejimenti ya 301 ya Afrika ya Mashariki. Mwezi wa Februari 1944 walipakiwa Mombasa katika merikebu Khedive Ismail, kwenda Colombo, kwa ajili ya vita na Wajapani. Watu wote waliokuwamo walikuwa 1,511: askari Waafrika na maofisa wao, mabaharia, na mabibi wauguzi. Jumamosi tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, manowari ya Kijapani iendayo chini ya maji, iitwayo I-27, ikaipiga kwa topido mbili. Kwa muda wa kama dakika mbili tu merikebu ikazama, na wengi waliokuwa vyumba vya chini hawakupata njia ya kutoka.

Babu alikuwa mtoto wa mlimani. Maji aliyoyazoea ni ya mfereji unyweshao migomba. Akashika ubao, akamwomba Mungu. Ndipo ikaja taabu ya pili. Manowari za Waingereza, Petard na Paladin, zilimwinda adui aliyejificha pale pale walipoelea watu, zikatupa mabomu yalipukayo ndani ya maji. Kama zingemwacha, merikebu nyingine za askari zilizofuatana nao zingekuwa hatarini. Zilipompiga, wengine walioelea wakafa. Siku ile ile I-27 ilizamishwa. Waliookoka katika Khedive Ismail walikuwa 214.

Tulipokuwa watoto tulimwuliza, "Babu, je, Waingereza walikosa?" Akanyamaza sana, kisha akasema, "Wajukuu zangu, mimi nilikuwa majini, sikuwa juu ya manowari. Hilo nimemwachia Mungu. Ninyi niulizeni majina ya wenzangu." Basi kila mwaka, siku ya Marehemu Wote, aliyataja moja moja, hata alipokuwa mzee asiyeona vema.

Babu amelala kihambani. Wenzake wamelala baharini. Walimu na wazazi, wafundisheni watoto habari hii, ili siku ya kuwaombea marehemu wawataje na hao.