Mathias Kiwanuka

Mathias Kiwanuka (alizaliwa Indianapolis, Indiana, Marekani, 8 Machi 1983) ni mchezaji wa zamani wa mpira wa Kimarekani. Katika ligi ya kulipwa ya NFL aliichezea timu moja tu, New York Giants, kuanzia mwaka 2006 hadi 2014.

Familia

Wazazi wake walitoka Uganda. Babu yake, Benedicto Kiwanuka, alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo na baadaye jaji mkuu. Septemba 1972, wakati wa utawala wa Idi Amin, alikamatwa katika Mahakama Kuu jijini Kampala, akauawa. Mathias alizaliwa zaidi ya miaka kumi baadaye.

Masomo na mchezo

Nchini Marekani njia ya kawaida ya kufika NFL hupitia timu za vyuo vikuu. Mchezaji hodari hulipiwa masomo, lakini kwa kanuni za wakati huo hakupewa mshahara. Kiwanuka alisoma sekondari ya Cathedral mjini Indianapolis, kisha Boston College. Alikuwa beki wa pembeni, ambaye kazi yake kubwa ni kumwangusha kwotabeki, yaani kiongozi wa mashambulizi, kabla hajarusha mpira. Aliweka rekodi ya chuo kwa kuangusha mara 37.5, nusu huhesabiwa pale wachezaji wawili wanapoangusha pamoja.

NFL

Mwaka 2006 Giants walimchagua akiwa wa 32, nafasi ya mwisho katika raundi ya kwanza. Tarehe 26 Novemba mwaka huo, Giants wakiwa wameongoza 21–0 dhidi ya Tennessee Titans, alimkamata kwotabeki Vince Young kisha akamwachia, akidhani mpira umekwisha kurushwa na kuogopa adhabu. Young alikimbia nao, na Titans wakashinda 24–21.

Kosa hilo halikumaliza kazi yake. Novemba 2007 alivunjika mfupa wa mguu, hivyo hakucheza fainali, Super Bowl, ambayo Giants walishinda Februari 2008. Mwaka 2010 jeraha la shingo lilimweka nje sehemu kubwa ya msimu. Alirudi, na tarehe 5 Februari 2012 alicheza fainali Giants walipowafunga New England Patriots 21–17. Mchezo huo ulifanyika Indianapolis, mji aliozaliwa.