Maandiko ya Wacherokee

Mara nyingi husemwa kwamba maandiko yaliletwa kila pahali na wageni, na hasa na wamisionari. Kwa Wacherokee, kabila la Wahindi wa Amerika lililokaa katika milima ya kusini-mashariki ya inchi ya Marekani, sivyo.

Sequoyah alikuwa fundi wa feza na wa chuma. Hakujua kusoma Kiingereza, lakini aliona ya kuwa Wazungu husemeshana kwa karatasi, akataka ginsi hiyo kwa lugha yake. Alianza na alama moja kwa kila neno. Alama zikazidi mno, akaziacha. Halafu alisikiliza lugha yenyewe, akagundua kwamba maneno yote yanajengwa na silabi zisizo nyingi. Kazi hiyo ilimchukua karibu miaka 12, na watu wakimcheka. Mwaka 1821 ilikuwa tayari: alama 86. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa binti yake mdogo, Ayoka. Mcherokee aliyezijifunza aliweza kusoma kwa muda wa majuma machache tu. Padri aliyefundisha kusoma katika kalasi ya wakatekumeni anajua uzito wa neno hilo.

Mwaka 1827 Wacherokee walijiandikia sheria kuu ya taifa. Tarehe 21 Februari 1828, huko New Echota, gazeti lao Cherokee Phoenix lilitoka kwa lugha mbili. Mwandishi mkuu alikuwa Elias Boudinot, akisaidiwa na Samuel Worcester, misionari Mprotestanti. Wengi walitumaini kwamba taifa lenye sheria na gazeti halitafukuzwa.

Lakini serikali ya Georgia ilitaka udongo wao, na zahabu iliyokuwamo. Worcester alitiwa kifungoni mwaka 1831. Mwaka 1832 Tribunali Kuu ya Marekani ilihukumu kwamba sheria za Georgia hazina nguvu katika inchi ya Wacherokee. Hukumu hiyo haikuwaokoa. Mwaka 1835 watu wachache, Boudinot mmoja wao, walitia sahihi mapatano ya kuiacha inchi, mkubwa wao John Ross akikataa. Mwaka 1838 askari waliwatoa watu nyumbani. Karibu watu 16,000 walipelekwa magharibi, pahali panapoitwa sasa Oklahoma. Kwa hesabu inayotajwa zaidi, 4,000 walikufa. Boudinot aliuawa na Wacherokee wenzake mwaka 1839.

Jambo moja lisifichwe, hasa mbele ya msomaji Mwafrika: matajiri wa Wacherokee walikuwa na watumwa weusi, nao walipita njia ile ile ya machozi. Mapatano ya mwaka 1866 yaliwapa haki za wenyeji wa taifa, lakini wajukuu wao walishindania haki hizo hata hukumu ya mwaka 2017.

Maandiko yalivuka pamoja na watu. Agano Jipya lilichapwa kwa alama hizo. Nao waganga, ambao wengi walizani shule itawamaliza, waliandika sala zao kwa alama zile zile zilizobeba Injili! Katika milima ya North Carolina, walikobaki Wacherokee wengine, James Mooney alimkuta mwaka 1887 mganga aitwaye Swimmer, mwenye kitabu alichojiandikia dawa na sala za ugonjwa na za kuwinda.

Leo Taifa la Wacherokee la Oklahoma lina watu zaidi ya 450,000, lakini waliozaliwa na lugha hawafiki 2,000, wengi wao wazee. Mwaka 2019 wakubwa wa Wacherokee walitangaza kwamba lugha iko hatarini. Huko Tahlequah iko shule ambamo watoto wadogo wanafundishwa kwa Kicherokee, na kuandika kwa alama za Sequoyah.