Alfajiri kwenye studio ya Eric

Vince Clarke alijitoa katika bendi ya Depeche Mode mwishoni mwa 1981, albamu yao ya kwanza ikiwa ndiyo kwanza imeingia madukani na nyimbo zake karibu zote akiwa amezitunga yeye. Mkononi alibaki na wimbo mmoja usio na mwimbaji, "Only You". Wakati huohuo Alison Moyet, binti wa mji wao uleule wa Basildon, alikuwa ametangaza kwenye gazeti la Melody Maker kwamba anatafuta bendi ya bluzi. Aliyepiga simu ni Clarke, mtu wa sinthesaiza.

Wakajiita Yazoo. Wimbo ukatoka Machi 1982 chini ya lebo ya Mute na kupanda hadi namba 2 Uingereza. Watu hawa wawili, ambao hawakuwa wamezoeana hata kidogo, wakajikuta wanadaiwa albamu nzima.

Waliirekodi Blackwing, studio ya Eric Radcliffe iliyokuwa ndani ya kanisa la zamani kusini mwa London. Mchana studio ilikuwa na mwenzao wa Mute, Fad Gadget, kwa hiyo wao waliingia alfajiri. Kinanda kimojawapo cha Clarke, Pro-One, hutoa noti moja tu kwa wakati. Akitaka noti tatu zilie kwa pamoja, anarekodi mara tatu, moja juu ya nyingine. Ndiyo maana muziki ule una nafasi: kila noti unaisikia ilipoanzia na ilipokatikia, na katikati yake inapita sauti nzito ya Moyet, yenye kidonda cha bluzi. Msikilize katika "Winter Kills", alioutunga mwenyewe.

Si kila kitu kilifaulu. "I Before E Except After C", rundo la maneno yaliyokatwakatwa, huwa nauruka bila huruma.

Albamu hiyo, Upstairs at Eric's, ilitoka Agosti 1982, ikafika namba 2. Marekani jina la Yazoo lilikuwa na mwenyewe, kwa hiyo huko wakaitwa Yaz, na "Situation" ukatikisa madisko. Albamu ya pili ilipokamata namba 1 mwaka 1983, wawili hao walikuwa wameshaachana. Krismasi ya mwaka huo "Only You" nao ukashika namba 1, ukiimbwa na Flying Pickets kwa midomo mitupu, bila kinanda hata kimoja.